Kilima Kilichohamia Chumbani

Igwata, Rwamgasa
14 Januari 2024

Mpwa wangu Melania,

Najua hapo ulipo umeshasema shikamoo, nami naipokea kabla haijafika: marahaba, mwanangu, marahaba ya mtu mzima mwenye kifua. Hujambo? Hiyo Misri inakutunza? Upepo wa bahari haujakuingia mapafuni? Sisi huku wazima. Mama yako yuko Shinyanga mjini, anasema kwenye picha umekonda. Mimi afya yangu ni ileile. Juzi walinipima presha, mashine ikaogopa.

Naandika kwa karatasi kwa ajili ya bibi yako. Simu ikilia anageukia ukutani. Anasema sauti inayokuja bila mtu haiitikiwi. Lakini barua anaishika, anainusa, anauliza kama uliiandika umekaa au umesimama.

Sasa nisikilize. Wewe unanijua. Mimi ndiye niliyeteremka shimo la uchimbaji mpaka nikasikia harufu ya mboga za watu wa upande wa pili wa dunia. Mimi ndiye niliyechimbua jiwe la dhahabu kubwa kama kichwa cha ndama, nikalirudisha mwenyewe kwa sababu lilinitazama. Kwa hiyo ukisikia Mabula ameshindwa na jambo, jua jambo hilo ni zito. Nimeshindwa na mama yangu.

Kilima chetu cha Igwata kinachukuliwa, mgodi unapanuka. Watathmini walikuja na kamba na kofia ngumu, wakaandika nyumba, wakaandika makaburi, wakaandika mihogo na mipapai. Walipofika kwenye kile kijumba cha nyasi cha masamva, wazee wetu waliotangulia, kijana mmoja akauliza, "Mama, hili ni banda la kuku?"

Bibi yako akamjibu, "Ndiyo, ila kuku wake hawatagi."

Wakaandika banda.

Unakijua kijumba kile. Tangu mama yake alipofariki, bibi yako hulala humo kila mchana, jua likiwa utosini, na wazee humjia usingizini. Humo ndimo anamoambiwa mgonjwa apewe mizizi gani na ng'ombe aliyepotea atafutwe bonde lipi. Jina lako mwenyewe la nyumbani lilitoka humo. Majirani wote wameshahama. Matingatinga yanakuja mvua zikikatika. Nyumba yangu ya Songwa iko tayari, karibu na ule mgodi wa almasi, nyumba ambayo wapita njia husimama kuitazama. Hataki. Anasema, "Nikitoka hapa nitakuwa kiziwi. Afadhali wanifukie na banda lao."

Juzi nilisinzia karibu na karasha, ile mashine ya kusagia mawe, kelele zake zikanibeba. Nikaona kilima cha Igwata kinasimama kama ng'ombe anavyosimama, nyuma kwanza. Kikajikung'uta mawe, kikaanza kutembea polepole kuelekea mashariki, kijumba kimetua mgongoni kama yangeyange. Nikakifuata nikikiita, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa maji.

Wewe unasomea dini za watu wa kale waliofukuzwa. Niambie: walipovunjiwa nyumba zao za ibada, waliwapeleka wapi wazee wao?

Mjomba wako,
Mabula


Iskanderia
20 Februari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie bibi shikamoo yake, na umwambie niliandika nimekaa, dirishani, miguu ikiwa juu ya kiti cha pili. Sijakonda, ni picha tu. Mguu wako je, ule uliodondokewa na gogo shimoni?

Swali lako nimetembea nalo siku nyingi. Hapa mjini kuna kilima kidogo kimezungukwa na maghorofa ambako watu huanika nguo. Juu yake imebaki nguzo moja ndefu, na chini kuna mapito ya giza yaliyochongwa kwenye mwamba. Hapo palikuwa na hekalu la mungu wao Serapi. Wagonjwa walikwenda kulala humo, ili waambiwe dawa ndotoni. Ndiyo, mjomba. Kama bibi.

Kisha dola ya Rumi ikayumba. Kwa karibu miaka hamsini askari walikuwa wanamweka mfalme leo na kumuua kesho kutwa, fedha ikakosa maana, na mahekalu ya Misri yakaacha kutunzwa na serikali. Makuhani wakabaki na elimu isiyo na nyumba. Mfalme mmoja, waasi wa Misri walipomchosha, inasemekana alichoma vitabu vyao vyote vya kutengenezea dhahabu. Baadaye wafalme wakawa Wakristo, na mwishowe ikatoka sheria: marufuku kufukiza ubani, marufuku kuwasha taa mbele ya miungu, hata ndani ya nyumba yako mwenyewe. Hekalu hili likavunjwa katika miaka hiyohiyo.

Unauliza waliwapeleka wapi. Wanavyuoni wanabishana, lakini mimi nionavyo, walilipunguza hekalu. Kazi iliyohitaji nguzo mia ikafanywa kwa matofali mawili, taa ya udongo na mafuta safi, katika chumba kilichofagiliwa. Tunazo karatasi zao za mafunjo zinazoeleza: weka taa juu ya tofali, lala uitazame, omba ndoto. Kilima kikaingia chumbani.

Nimesinzia nikiandika haya, nikaota bibi ameshika ile nguzo ndefu mkononi kama mwiko.

Mpwa wako,
Melania


Songwa, Kishapu
7 Aprili 2024

Melania, jicho la ukoo,

Salamu zikufikie zikiwa bado moto. Unaendeleaje? Chuo kinakwenda? Sisi tumehama! Nasema tumehama, wala simaanishi mimi na magodoro. Tumehama wote, walio hai na wale wengine.

Barua yako nilimsomea bibi yako mara nyingi. Pale pa mfalme aliyechoma vitabu vya dhahabu, nilisimama nikamlaani kwa niaba ya wachimbaji wote wa Geita. Bibi yako akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Hao wa Misri walikuwa na akili. Nani aliwafundisha?" Nikamwambia tutachunguza, huenda ni sisi.

Keshoye mchana aliingia kijumbani, akapuliza maji ya unga wa mtama kuelekea jua, akawaambia, "Wazee, tunaondoka. Msibaki hapa kubishana na matingatinga, yale hayana masikio." Akaokota mawe matatu ya pale walipokaa, akayafunga kwenye khanga. Hakugeuka nyuma. Mimi niligeuka kidogo, kwa ajili ya usalama.

Kwenye basi, konda mmoja anaitwa Nasibu akamwambia, "Mama, mzigo huo uende kwenye buti."

"Huu si mzigo."

"Ni nini sasa?"

"Ni watu wazima. Tena wanataka dirishani."

Yule kijana akamtazama bibi yako, akautazama ule mfundo, akasema, "Basi shikamooni," akawapisha. Abiria wakacheka, lakini hakuna aliyekaa pale mpaka tunashuka. Karibu na Bulyanhulu nililala, nikaona kiti kile kimejaa, watu wamekaa wamepakatana hadi darini, wanaangalia nje kama watoto.

Nimempa chumba cha nyuma. Matofali yangu ya kuchoma aliyakataa, akatumia mawe yake. Juu yake kibakuli cha udongo, mafuta ya alizeti, utambi wa pamba ya hapahapa Kishapu. Dirisha nimeliziba kwa gunia, mchana unakuwa kama chini ya maji. Taa ikiwaka, kuta zinapumua.

Na mimi sikukaa kimya, unanijua. Nimewaeleza watu wa Songwa kwamba wamepata bahati: hekalu la Misri limefungua tawi kwa Mabula. Mwamvua muuza chapati, jirani yangu, amebeba habari hiyo na sahani zake mji mzima. Wanakuja, Melania! Mwenye mbuzi aliyepotea, mwenye mume aliyepotea. Mimi nasimama mlangoni nawaeleza habari za Serapi na jinsi nilivyolala katika mapito yale ya giza. Nilisema nililala. Habari ikisimuliwa na aliyeona inakuwa tamu zaidi.

Mjomba wako,
Mabula, sasa wa Songwa


Songwa
30 Mei 2024

Mpwa wangu,

Salamu. Hujambo? Barua yako sijaipata, labda iko njiani, labda mtu wa posta anaisoma kwanza. Mimi sijambo. Bibi yako ni hajambo ya kusema tu.

Haoti.

Analala mchana kama kawaida, taa inawaka, anaamka mtupu. Mwanzoni alisema wazee wamechoka na safari. Kisha akaacha kusema. Sasa hali chakula. Uji anaushika mpaka unapoa, ananirudishia. Nimempeleka hospitali, wamempima vizuri, hawakuona ugonjwa. Nikamuuliza, "Mama, unataka nini?" Akasema, "Mabula, mtu akiacha kuitwa, anakula ili aende wapi?"

Wiki iliyopita nilimkuta barabarani na fimbo, anarudi Igwata kwa miguu. Nikamwambia kilima hakipo, nusu yake wameshaikata. Akasema basi atakwenda kukaa kwenye nusu iliyobaki. Nilimbeba, Melania. Mimi niliyebeba magunia ya mawe shimoni kama mito ya kulalia, nilimbeba mama yangu na nikatamani awe mzito.

Watu bado wanakuja. Wanakaa kwenye baraza kuanzia asubuhi, Mwamvua kaleta na meza yake kabisa. Katekista Marcel naye alifika. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikakunja mikono ya shati. Yeye akavua kofia tu, akasema, "Mzee Mabula, sikuja kugombana. Nimepita barabarani nimesikia unasimulia anavyolala mama yako, anavyogeuka, anavyokoroma. Ungekuwa wewe ungelala?" Nikamwambia mimi nalala hata kwenye baruti. Akaenda zake.

Maneno yake hayajaenda.

Nilifanya kama ulivyoandika. Taa, mafuta, chumba kilichofagiliwa. Tumekosea wapi? Jibu upesi. Usiniandikie ya wanavyuoni kubishana.

Mjomba wako,
Mabula


Iskanderia
22 Juni 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeipokea yako ya Mei, ile ya Aprili ilitangulia kwa siku chache tu. Nilicheka ya kwanza, ya pili nikaisoma nimesimama. Mpe bibi pole, mwambie nakuja mwakani, anisubiri.

Nimerudi kwenye zile karatasi za mafunjo. Jambo moja linarudiwa karibu kila mahali, na mimi nililipita kama mtu anavyopita salamu: ukimaliza kuomba, lala bila kumjibu mtu yeyote. Bila kumjibu, mjomba. Anayekuita mlangoni mwache aite.

Miaka hii yote nimekuwa naeleza darasani kwamba watu wale walificha mambo yao kwa kuogopa askari. Hofu ilikuwepo, wengine walishtakiwa na kuuawa kwa sababu ya kuulizia mambo usingizini. Lakini barua yako imenionyesha kingine. Hekalu lilikuwa na kuta nene, na nyua, na ngazi ndefu. Makelele ya mji yaliishia nje. Chumba cha nyuma hakina kuta hizo. Basi waliujenga ukuta kwa midomo yao. Siri ndiyo ilikuwa ukuta.

Igwata palikuwa na kilima kizima kati ya bibi na watu. Songwa kuna baraza yako.

Nakuambia kwa heshima zote. Nakupenda sana.

Mpwa wako,
Melania


Songwa
11 Agosti 2024

Melania,

Marahaba. Habari za huko? Huku jua kali, upepo unapita na vumbi jeupe, hata mbuzi wanaonekana kama walioota.

Ulinikasirisha siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia Mwamvua ahamishe meza. Akanijia juu: "Leo unatufukuza! Si wewe uliyesema tawi la Misri? Limefilisika?" Nilikuwa na jibu, Melania. Nilikuwa na jibu ambalo Songwa nzima ingelikumbuka hadi kiama. Nikalimeza. Lilishuka kama mfupa. Nikamwambia tu, "Mama anapumzika." Watu wakatazamana. Mmoja akauliza kama naumwa jino.

Sasa baraza iko wazi. Wapita njia wananitania, "Mzee Mabula, umemeza kufuli?" Nawapungia mkono. Hujui jinsi mchana unavyokuwa mrefu usipousimulia.

Jumapili iliyopita bibi yako aliniita chumbani. Amebaki macho na mifupa, lakini sauti yake bado inafanya nisimame wima. Akasema, "Wanafika. Nawasikia wakifika mpaka mlangoni, wanasimama, wanarudi."

"Kwa nini wanarudi, mama? Si nimenyamaza?"

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Acha maneno yako. Nyumba ni ya nani?"

"Yangu."

"Igwata nyumba ilikuwa ya mama yangu, akanikabidhi mimi. Hapa mimi ni mgeni, nao ni wageni wa mgeni. Mgeni hakaribishi mgeni. Mwenye nyumba hulala kwanza. Wakikuona, wakakubali, wataingia kwangu. Ndivyo tulivyofanya siku zote tulipohama, hata walipotuhamishia vijijini kwa malori. Sikukuambia kwa sababu ungeitangaza."

Nikauliza, "Na nikiamka nimwambie nani?"

Akafunga macho. Kisha akasema, "Utajua mwenyewe ukiamka."

Kesho mchana ndiyo nalala. Nimefagia. Nimeoga. Mimi nimelala juu ya makreti ya baruti, nimelala na chatu miguuni nikidhani ni mto, na leo nimekaa kwenye kiti nalitazama jamvi. Itakuwaje nikiamka sina cha kusema? Nimefikiria hilo asubuhi nzima. Sasa hivi ndiyo nimefikiria jingine: itakuwaje nikiamka ninacho?

Mwombee bibi yako. Uji wa leo ameonja kwa ncha ya ulimi tu.

Mjomba wako,
Mabula


Iskanderia
25 Septemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Uko salama? Bibi je? Mama amenipigia simu kutoka Shinyanga, anasema alifika Songwa akamkuta bibi amekaa nje anachambua mchicha na kuwagombeza kuku, na wewe hukusema neno tangu asubuhi hadi jioni, akaogopa akidhani mmegombana. Nililia nikiwa maktaba. Mlinzi akaniletea maji.

Kwa hiyo ulilala. Kwa hiyo wamekuja.

Niambie, mjomba. Uliona nini? Walikuwa wangapi, walikaa wapi, walisema kwa lugha gani? Nilimgusia profesa wangu bila kutaja majina. Akaweka kalamu chini. Anasema karatasi zetu zote za kale zinaishia mahali pamoja: taa imewashwa, mtu amelala. Hakuna hata moja inayomfuata mtu huyo ndani. Anasema mimi ninaye mtu aliyeingia, na ni mjomba wangu, na ni msimuliaji. Sura hiyo ingekuwa moyo wa kazi yangu yote.

Sitaki kukulazimisha. Lakini ni wewe, mjomba! Uliniambia hata ndoto ya kilima kinachotembea. Andika kwa urefu wowote. Nasubiri.

Mpwa wako,
Melania


Songwa
17 Novemba 2024

Mpwa wangu Melania,

Marahaba, mwanangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na baridi ya huko haijaanza. Sisi hatujambo kabisa.

Bibi yako anakula. Jana aliulalamikia ugali kwamba ni laini, akasonga mwenyewe. Mchana analala, akiamka anatoka taratibu, ananawa uso, anakaa. Juzi alimwita mama mmoja wa hapa jirani mwenye mtoto wa siku chache, wakaongea kidogo nyuma ya nyumba. Mtoto ameacha kulia. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyeambiwa. Dirisha lile bado lina gunia.

Marcel hupita Jumapili baada ya misa, tunakaa barazani tunatazama barabara. Ni mtu mzuri wa kutazama naye barabara.

Profesa wako msalimie sana. Mwambie ameshika kazi nzuri, na kwamba nimesikitika kuwa karatasi zake zinaishia pale. Nimefikiria juu ya watu wale walioziandika. Nadhani hawakupotewa na maneno.

Umeniuliza niliona nini.

Mvua za kwanza zilinyesha mwanzoni mwa mwezi, mwanangu, mvua pana, zisizo na hasira. Nimepanda choroko shamba zima la mbele, mpaka karibu na barabara. Mwamvua naye aliniuliza swali lako, akaniletea chapati za moto kabisa, akakaa karibu, akavuta khanga. Nikala chapati. Nikamwambia choroko zimeota vizuri.

Choroko zimeota vizuri, Melania.

Mjomba wako,
Mabula